Ndama wa Majani Makavu

Mwezi uliopita nilinunua kapu kwa mama mmoja anayepanga bidhaa zake kando ya barabara. Lilikuwa kapu la kawaida la nyuzi za mgomba, la kuwekea viazi. Njiani mvua ikalilowesha, na nilipofika nyumbani nikaliweka karibu na jiko likauke. Haukupita muda chumba kikajaa harufu ya ganda la mgomba lenye maji, ile harufu ya udongo na chai iliyosahaulika kikombeni, na mimi mtu mzima mwenye watoto wangu nikajikuta nimechutama mbele ya kapu, nalinusa. Binti yangu akauliza, "Mama, limeoza?" Nikamwambia halijaoza. Sikujua niendelee kumwambia nini, kwa hiyo naandika hapa, kwa ninyi wa rika langu mliowahi kufunga mbuzi kwa kamba ya mgomba.

Tulikaa Chonyonyo, kwenye kibanja ambacho ukisimama mlangoni humwoni jirani. Unaona migomba tu, chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage. Mifugo yetu ilikuwa michache: mbuzi watano, kuku ambao kicheche aliwahesabu kabla yetu, na ng'ombe mmoja aliyeitwa Bihogo, mwekundu, mwenye pembe ndefu kiasi kwamba banda lilijengwa kwa kuzifuata. Huyo ndiye aliyekuwa mtu mkubwa pale nyumbani. Samadi yake ililisha migomba, migomba ikatulisha sisi, na maganda ya ndizi tulizokula yakarudi kwake. Niliwahi kumuuliza Baba, kati yetu na Bihogo, nani anamfuga mwenzake. Akaniambia nikamalize kufagia.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja, aliniita Hakimu. Baba alinitetea kwamba kuuliza si ujinga. "Ndiyo," Bibi alimjibu, "lakini kuuliza wakati wa kukamua ni ujinga." Aliyasema hayo kwa Kinyambo, lugha aliyoitumia kwa kila jambo. Kiswahili alikiweka akiba kwa ajili ya watu wa ofisini na kufukuzia mbwa wa jirani, hivyo nikiyaweka maneno yake katika Kiswahili yanapungua makali.

Bibi alikuwa fundi wa mgomba. Mkungu ukishakatwa, wengine huona shina la kuoza. Yeye alibandua maganda yake moja moja, akayaanika, akayapasua kwa ukucha wa kidole gumba ambao hakuukata kamwe kwa sababu hiyo, kisha akayalowesha kidogo na kuyasokota juu ya paja. Paja lake la kulia lilikuwa limelainika halina hata unywele. Nilikagua la kushoto, nikakuta vinywele viko palepale. Alisuka kamba za mbuzi, ngata za kubebea maji, makapu, mifuniko ya vibuyu na viota vya kuku. Wanawake walitoka mpaka Nyaishozi kuja kuagiza makapu yake. Kitu kikiharibika pale nyumbani, jibu lilikuwa moja tu, mpelekee Bibi. Kwa hiyo nisilaumiwe sana kwa mambo niliyokuja kuyaamini.

Mwaka niliokuwa darasa la kwanza, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Nilimwona mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amelala, mara ya pili alipiga chafya, nikashangaa, maana sikujua kwamba watu wadogo kiasi kile wana chafya. Siku ya tatu asubuhi niliwakuta Bibi na wanawake wawili wanatoka kwenye migomba nyuma ya nyumba wakiwa na jembe, na hakuna aliyelia. Kwa watu wa umri wa Bibi, mtoto wa siku tatu hakuwekewa msiba. Alizikwa kimya kimya, na mama yake akakatazwa kulia kwa sauti, ati kilio kinamfungia njia mtoto anayefuata. "Mdogo wako amerudi," Bibi akaniambia. Amerudi wapi? "Alikotoka." Nikauliza kama mimi nami naweza kurudi. Bibi akanizaba kofi, na kabla sijalia akanikumbatia, nikabaki sijui nishike lipi.

Mama hakulia. Alilifuata agizo kupita kiasi, akaacha na kusema. Alikaa chumbani juu ya mkeka, mgongo ukutani. Siku ya kwanza niliona gauni lake limelowa kifuani sehemu mbili, nikamwambia, "Mama, umemwagikiwa," akaliangalia gauni kama la mtu mwingine. Bibi akaja akamfunga kifua kwa kanga na kuikaza. Chakula kilipelekwa na kikarudi vilevile. Nikimsemesha aligeuza uso upande wangu, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa changu. Wiki zikapita hivyo. Sikuwahi kuwa mpweke namna ile, na nasema ukweli, nilikuwa na hasira naye, kwa sababu mimi nilikuwa hai na nilikuwa palepale.

Kisha Bihogo akazaa, na ndama wake naye hakufika mbali. Alikufa kabla ya kutimiza wiki, tumbo limemvimba. Kuanzia siku hiyo Bihogo akafunga maziwa. Baba alikaa chini yake na kibuyu asubuhi na jioni, akamkanda, akambembeleza, akamwimbia, akapigwa teke. Hakupata hata ya kutia kwenye chai. Siku ya pili jioni Baba alitoka bandani huku anachechemea, akasema, "Ng'ombe wa namna hii ni wa mnadani tu."

"Ngoja," Bibi akasema.

Baba alikuwa amemchuna ndama ili ngozi isipotee bure, ikawa imetandazwa kivulini. Bibi aliichukua, akaipaka majivu upande wa ndani, akaikunja sawasawa. Akaniagiza majani makavu ya mgomba, mengi, yale yaliyokauka yakiwa bado mtini. Akayasokomeza ndani ya ngozi, kidogo kidogo, akipapasa kwa kiganja, huku akiongeza mgongoni na kupunguza tumboni. Akaishona kwa kamba nyembamba ya mgomba, na miguuni akatia vijiti. Nilikaa naye kuanzia mwanzo mpaka mwisho sijapepesa macho. Majani yaleyale tuliyolalia wakati magodoro yanaoshwa yalikuwa yanageuka shingo, yanageuka nyonga. Mwisho akachanganya chumvi na maji, akainyunyizia ngozi yote.

"Chumvi ya nini, Bibi?"

"Ya ulimi."

Alimbeba ndama yule kwapani mpaka bandani. Nikamwambia amweke mbele ya Bihogo, aonekane vizuri. Akanikataza. "Usimpe uso kwa uso. Mpe kwa ubavuni, achague mwenyewe." Akamsimamisha upande, karibu na mguu wa mbele, nasi tukasubiri. Bihogo hakugeuka upesi. Aligeuka polepole, akanusa, akapuliza hewa kwa nguvu mpaka vumbi la majani likaruka, akarudisha kichwa mbele. Kisha akageuka tena, akalamba. Akalamba shingo, akalamba mgongo, akawa anatoa sauti fulani ya chini ambayo sijaisikia tena kwa ng'ombe yeyote. Baba alikuwa ameshachutama. Maziwa yakaanza kugonga kibuyu.

"Bibi, hajui kama si yeye?"

"Anajua."

"Sasa mbona anatoa?"

Bibi alifikiri. Hilo nalo lilikuwa jambo jipya, kwa sababu maswali yangu kwa kawaida aliyajibu akiwa anafanya kazi nyingine. "Anataka mahali pa kuweka ulimi," akasema.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa nyuma ya jiko napepeta maharage. Ndani Bibi alikuwa anamenya ndizi, na Baba amesimama mlangoni anaongea naye.

"Mke wangu hali wala hasemi," Baba akasema. "Nimempigia kaka yake simu. Anakuja Jumapili na pikipiki, amchukue ampeleke kwao."

"Akae huko mpaka lini?"

"Mpaka awe mtu tena."

"Na asipokuwa?"

Nilisikia ganda la ndizi linaanguka kwenye beseni, kisha jingine.

Leo najua kwamba hakukuwa na ubaya. Kwao Mama ni Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, na mama yake mzazi alikuwa hai. Mwanamke aliyepatwa na jambo zito kurudi kwa mama yake apumzike ni desturi, na ni desturi ya huruma. Najua pia kwamba wako walioondoka kupumzika na hawakurudi, na Bibi alilijua hilo kuliko mimi. Lakini siku ile mimi nilikuwa na hesabu yangu. Bihogo alifunga maziwa, nusura apelekwe mnadani. Mama amefunga maneno, anapelekwa Nyakatuntu. Bihogo alipona kwa sababu fundi wa kumponya alikuwepo. Kwa nini Bibi hamtengenezei na Mama wa kwake? Nilimuuliza hivyo hivyo, waziwazi. Akaniambia nikachote maji.

Nikaona kazi hiyo ni yangu. Ilikuwa Alhamisi.

Majani makavu yalikuwa mengi, na kamba niliiba kwenye mafungu ya Bibi. Ngozi ndiyo ilikuwa tatizo. Niliwaza sana, kwa utulivu ambao ukiniuliza leo unanitisha, nikafikia kwamba kinachotakiwa si ngozi bali harufu. Bihogo hakuangalia, alinusa. Sasa Bibi alikuwa amekusanya vitu vyote vya mtoto siku ileile ya maziko, visikae machoni pa Mama, na mimi nilijua vilipo, kwa sababu hakuna kapu la Bibi ambalo sikuwahi kulifungua. Kwenye kapu la mfuniko, chini ya kitanda chake, nilikuta shali nyeupe aliyokuwa amefungiwa. Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya mgando na ya maziwa yaliyochacha kidogo. Nilifurahi sana, kama mtu aliyepata sindano iliyopotea.

Nilifanya kazi kwenye kibanda cha kukaushia kahawa, baada ya shule, siku mbili. Nilisokota kamba juu ya paja, ikanikwaruza, nikaelewa kwa nini Bibi hana vinywele. Kichwa kilikuwa kikubwa mno nikakipunguza, kikawa kidogo mno nikakiacha. Nikatia mikono na miguu. Nikamfunga ndani ya shali, nikachanganya chumvi na maji bila kubana mkono, nikamnyunyizia. Kisha nikamficha kwenye nyasi humohumo kibandani aanze kukauka. Jumamosi jioni nikamkuta mbuzi wetu mweusi amesimama juu yake, anatafuna. Chumvi na majani makavu, nani angekataa? Alikuwa ameshamaliza mguu mmoja na pembe ya shali. Nililia kwa hasira, nikampiga mbuzi kwa ufagio, lakini muda wa kutengeneza mguu mwingine haukuwepo.

Jumapili Mjomba alifika tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Nilimwamkia shikamoo bila kumwangalia usoni, kwa sababu kwangu alikuwa mtu wa mnada. Alikunywa chai, akauliza habari za mvua, akajibiwa, kisha Baba akalitoa begi la Mama na Mjomba akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Nilisikia mpira ule ukivutwa. Nikakimbia kwenye kibanda cha kahawa, nikamtoa mtoto wangu wa mguu mmoja, nikaingia chumbani kwa Mama.

Alikuwa amevaa gauni la safari, amekaa palepale kwenye mkeka. Sikumpa uso kwa uso. Nilipita kando ya ukuta, nikamweka mtoto ubavuni kwake, karibu na mkono, nikarudi nyuma hatua mbili, nikachutama, nikasubiri amlambe.

Nayaandika haya na uso unaniwaka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisubiri mama yangu amlambe.

Hakugeuka upesi. Nikajiambia ndivyo inavyotakiwa. Kisha mkono wake ukagusa shali, ukasimama. Akageuka akaangalia. Akaliinua lile bunda, akaona kile kichwa kidogo kilichofungwa kamba, akaona pale mguu ulipotafunwa, akalisogeza puani. Alivuta hewa mara moja, taratibu. Akavuta tena. Kisha akavipitisha vidole juu ya shali, akavitazama, kwa sababu vilikuwa na chembe nyeupe.

"Nani amemtia chumvi?"

Sauti yake ilikwaruza, ilikuwa haijatumika kwa muda mrefu.

"Mimi, Mama."

"Ya nini?"

"Ili umlambe," nikasema. "Ili usiende."

Macho yake yakashuka kutoka pale juu ya kichwa changu yalipokuwa yamekaa wiki zote zile, yakanikuta. Nilihisi yanavyonikuta. Mdomo wake ukafanya kitu nilichodhani ni kicheko, na nafikiri kweli kilianza kikiwa kicheko, lakini hakikubaki hivyo. Alinivuta kwa mkono mmoja, akatukumbatia wote wawili, mimi na yule wa majani, akafungua kinywa, akalia. Hakulia kama watu wanavyolia chumbani. Alilia kilio cha msiba, kile cha kuita watu, kinachopita juu ya migomba na kuvuka mpaka ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimebanwa kifuani kwake na kilinipitia masikioni mpaka nikaogopa kwamba nimemvunja.

Bibi aliingia mbio. "Mawe!" akasema kwa Kinyambo, yaani mama wee, alipoiona ile shali. "Mtoto huyu! Vitu vya marehemu!" Akanyoosha mkono aichukue.

"Mwache, Mama," mama yangu akamwambia katikati ya kilio. "Huyu ni wangu. Mwache."

Bibi alibaki ameshikilia hewa. Nyuma yake Baba na Mjomba walikuwa wamesimama sebuleni, wanaume wawili wazima, kila mmoja anamtazama mwenzake aone atafanya nini. Na Mama akaendelea. Bibi akarudi nyuma, akatoka uani, nikamwona kupitia mlangoni amesimama kwenye nyasi, mikono kichwani.

Kwetu kilio kama kile hakisikiki mara mbili bila watu kufika. Walikuwa barabarani wanatoka kanisani, wakakatisha kwenye migomba, wanawake kwa wanaume, wengine na vitabu vya nyimbo mikononi. Wa kwanza kuingia uani alikuwa Mama Anita, jirani yetu wa bondeni, mmoja wa wale wawili niliowaona na Bibi asubuhi ile ya jembe. Alikuwa anahema.

"Waitu, ndugu zetu, poleni. Nani ametutoka?"

Bibi angeweza kusema hakuna. Angeweza kusema mke wa mwanangu hajisikii vizuri, nendeni, tutawaita. Yeye ndiye aliyekuwa amezuia kilio, na watu wote wale walikuwa wakimheshimu. Nilimwona anatazama mlango ambao sauti ya Mama ilikuwa inatokea. Kisha akashusha mikono, akakaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa.

"Mjukuu wangu," akasema.

Mama Anita hakuuliza yupi, wala lini. Alivua viatu, akakaa karibu naye na gauni lake la kanisani, akaanza kulia. Mwingine akakaa, na mwingine, mpaka uwanja ukajaa. Kuna aliyekwenda kuwasha moto, na aliyekata ndizi kwetu bila kuomba ruhusa. Baba akatoa viti kwa wanaume. Mjomba alisimama kwa muda karibu na pikipiki yake, hajui akae upande gani, kisha akaufungua ule mpira, akalibeba begi la Mama na kulirudisha ndani.